Mkono wa Nyapara

Tulimwita Nyapara, lakini kwa siri. Mbele yake alikuwa Mzee, na ole wako ulimi uteleze. Neno lenyewe lina harufu ya jela na kiboko, na yeye hakuwahi kumchapa mtu wala kumtukania mtu mzazi wake. Ila alivyokuwa akisimama nyuma yako unapokaza skrubu, anapumua puani tu, hasemi kitu, wallahi ungeomba bora kiboko. Siku hizi nasikia watu wanamsifu. Mtu akishaondoka mahali husifiwa hata na waliokuwa wakimkimbia. Mimi nilimpenda, na alinichosha, na nitayasema yote mawili. Anayetaka sifa tupu akazitafute matangani.

Kazi yetu Riyadh ilikuwa friji za madukani, zile ndefu zenye milango ya kioo, zinazowekwa maziwa, jibini na kuku. Mtu anayefungua mlango achukue laban yake, maziwa ya mgando, hajui kwamba ndani ya fremu mnapita nyaya za umeme zinazotia joto. Ndiyo, joto, kwenye friji. Bila joto hilo kioo kinakuwa baridi kuliko hewa ya dukani, hewa ikikigusa inaacha maji, na friji nzima inatoka jasho kama mtungi. Sasa nyaya hizo haziwashwi kutwa kucha, maana zinakula umeme bure. Kuna kisanduku cha kontroli juu ya friji, kina kipima unyevu, kinaziwasha hewa ikiwa na maji na kuzizima hewa ikiwa kavu. Riyadh hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka, kwa hiyo kule nyaya hulala sana. Sisi tulifunga visanduku hivyo, tukabadilisha nyaya zilizoungua, na tukahakikisha umeme unakaa ndani ya waya, hautoki kuja kwenye fremu anayoishika mama aliyempakata mtoto.

Hilo la mwisho lilikuwa la Nyapara peke yake. Alikuwa na desturi yake, na desturi hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu. Tukimaliza kufunga, umeme unawashwa, na hakuna anayesogea. Nyapara anakuja polepole, anafuta mkono wa kulia kwenye pindo la shati, anasema Bismillahi, anauweka mgongo wa mkono juu ya fremu, chini, katikati, juu, macho kayafumba. Mgongo wa mkono, si kiganja. Kiganja kikipigwa na umeme kinakunja vidole na kushika. Mgongo hutupwa nje. Akiridhika anasema, "Pita." Asiporidhika anasema, "Huyu anang'ata," na hapo utafungua kila ulichofunga, hata kama tumbo linalia njaa na dereva anapiga honi nje. Siku zangu za mwanzo niliwahi kushika mlango kabla hajasema neno lake, nikidhani nafanya haraka ya maana. Alinisukuma kifuani nikaangukia makreti ya juisi, duka zima likageuka kututazama.

"Unataka nani ampigie mama yako simu?" akaniuliza. "Maana mimi sipigi tena. Nilishapiga moja."

Hiyo simu moja alitusimulia mara moja tu, na hatukuthubutu kuuliza zaidi. Kabla yetu alifanya kazi na mwenzake aliyekuwa hodari wa mita ya kupimia umeme. Mwenzake akapima fremu, mita ikasema sifuri, akaishika. Betri ya mita ilikuwa imechoka, haipimi tena sawasawa. Nyapara alimkuta amelala mbele ya friji, taa zinawaka vizuri, maziwa yamepangwa, mita iko mkononi bado inaonyesha sifuri. Yeye ndiye aliyempigia mjane. Tangu siku hiyo mita kwake ni takataka.

"Mita ikifa haikwambii," alikuwa akisema. "Mkono wangu ukifa mimi ndiye wa kwanza kujua."

Otieno, jamaa wa Kisumu tuliyefanya naye kazi, mwili wa beki na mdomo usiochoka, alikuwa akimbishia. "Mzee, dunia imeenda mbele. Hata daktari hashiki tu paji la uso siku hizi, anaweka kipimo." Nyapara akawa anamwangalia tu kama mtu anayeangalia mvua isiyomhusu. Halafu siku moja, kwenye duka moja la mtaa wa Shumaisi, Otieno akapima mlango kwa mita yake mpya, betri mpya, akasema uko sawa. Nyapara akauweka mkono. "Huyu anang'ata." Otieno akacheka. Tukafungua fremu. Skrubu moja ilikuwa imekwaruza ganda la waya, na kila mlango ukifungwa kwa nguvu waya unagusa chuma, ukitulia unaachia. Mita iliupima mlango ukiwa umetulia. Otieno alinyamaza mpaka tukafika nyumbani, jambo ambalo halijawahi kutokea, na kuanzia hapo alikuwa muumini mkubwa kuliko sisi sote. Ukimwambia chukua mita anakujibu, "Ya nini, na mkono wa Mzee upo?"

Nasema haya ili ijulikane hatukuwa wajinga. Mkono ule ulikuwa na haki ya kuaminiwa. Ndiyo maana inaniuma.

Alichukia maboksi. Friji ikitoka jasho, maji yanachuruzika sakafuni, na watu wa maduka dawa yao ni moja: wanapasua boksi la mafuta ya kula wanalitandaza chini, linywe maji, wateja wasiteleze. Ukiingia duka ukaona boksi limetandazwa mbele ya friji, jua kuna kitu. Nyapara akiliona analipiga teke mpaka kwenye rafu za mchele. "Mkeka wa maiti!" anapiga kelele, Kiswahili kitupu, na meneja wa duka, Mwarabu wa watu, anabaki kuuliza kwa Kiarabu nini, nini, "Shu? Shu?" Hakupenda maji kufichwa. Alikuwa na usemi wake: kioo kikilia usikimbilie kukifuta, uliza kwanza nani kakiliza. Pengine raba ya mlango imechoka, pengine kipima unyevu kimezibwa na vumbi, pengine kuna mwerevu amepunguza joto kwenye kontroli apate sifa ya umeme mdogo. Maji yakishuka kwenye fremu yanaingia chini, zilipo chemba za nyaya, na maji na umeme vikikutana hakuna anayeshinda ila kaburi. Haya maneno ya kaburi alikuwa nayo mengi. Ukila naye chakula unasikia mauti matatu kabla ya chai.

Na hiyo chai! Sukari aliyotia humo ungedhani anaficha kitu ndani yake. Tulikuwa tukikaa nyumba moja hapo Shumaisi, chumba cha juu, na jiko letu lilikuwa la gesi ya mtungi mdogo. Kila mtu alijua Mzee ana kisukari. Yeye alikiita "ugonjwa wa wenye nafasi" na dawa zake alizichanganya na karafuu kwenye kopo la viungo, mtu asizione. Ukimwambia punguza sukari anakwambia nyuki wanaila kila siku na hawajapelekwa hospitali. Mtu huyohuyo alituvalisha glavu, alikagua viatu vyetu asubuhi kama mwalimu wa zamu, alimrudisha Otieno chumbani kwa sababu soli yake ilikuwa na ufa. Roho zetu alizichunga kama za watoto wake. Yake aliiacha nje ya mlango.

Ilianzia miguuni, kama inavyoanzia kwa wengi wenye ugonjwa huo, ila wakati ule hatukujua tunatazama nini. Tulirudi kazini siku moja, akavua kiatu, soksi imejaa damu. Msumari ulikuwa umetoboa soli na kuingia nyama, na alikuwa ametembea nao tangu asubuhi, akipanda ngazi na kushuka, akitukaripia. Otieno akashika kichwa. "Mzee, hukusikia?" Nyapara akauchomoa, akautazama, akacheka. "Ngozi ya fundi hii, si yenu ya losheni." Tukacheka naye. Mwezi ule nilicheka sana, na sasa nikikumbuka kile kicheko nasikia baridi.

Simtoi kasoro kwa kuficha. Hapa mtu anakaa kwa ikama, kibali cha ukaazi, na ikama inapitia vipimo vya afya, na kafili, bosi anayekudhamini, akisikia mtu ni mgonjwa anaona mzigo. Halas, basi, tiketi ya kwenda tu. Mwenyewe aliniambia wazi, tukiwa tumekaa kwenye ngazi tukimsubiri dereva. "Nikirudi kwetu nitakaa barazani, niitwe babu, nipelekwe huku na huku kama kiti. Hapa nikisema pita watu wanapita. Unaelewa?" Nilielewa. Mtu ameishi maisha yake yote akiwa yeye ndiye neno la mwisho, utamwambiaje arudi akawe wa kufunikwa shuka?

Alikuwa mtu wa huruma za ajabu vilevile, msije mkamwona jiwe. Ijumaa alipika wali wa mbuzi wa chumba kizima na majirani. Wasichana wetu wa kazi za ndani, Wakenya waliokimbia waajiri wabaya, walikuwa wakija na mikoba yao tu, na yeye anawatafutia pa kulala kwa mama mmoja Mkamba, halafu asubuhi anawafokea kwa nini hawali. Alimlilia paka aliyegongwa na gari. Ila ukikosea kufunga mlango wa friji hakukusamehe mpaka umefanya upya mara ya pili, ya tatu, na anapumua puani.

Ilikuwa Ijumaa ya wali huo, tumetoka msikitini, wenzetu Wakristo wametandika mkeka, ndipo nilipojua. Sufuria ya bati ilikuwa motoni, mpini wake umeelekea kwenye mwali. Nyapara aliishika kwa mkono wa kulia, ule mkono, akaibeba pole pole mpaka mkekani huku akizungumza na Otieno habari ya mpira. Mimi nilisikia harufu kwanza. Nilidhani ni nyama imeungua chini. Alipoachia mpini, ngozi ya vidole ilibaki pale.

"Mzee, mkono!" nikapiga kelele.

Akautazama. Uso wake haukukunjamana kwa maumivu, maumivu hayakuwepo. Ulikunjamana kwa kitu kingine, mara moja tu, kisha akaurudisha kama ulivyokuwa. "Nimezoea moto," akasema. Akaufunga kitambaa, akala kwa kijiko.

Nilimvuta nje kwenye ngazi. Nikamwambia bila adabu. "Mzee, mkono huo umekufa. Na sisi sote tunashika milango kwa mkono huo. Wateja wanashika kwa mkono huo."

"Ganzi ya baridi. Miaka yote kwenye friji."

"Basi tumia mita."

Alinikazia macho mpaka nikatamani kushuka ngazi. Halafu akasema sawa. Na kweli, Jumamosi alikuja na mita, akapima kila mlango, betri mpya, na kabla ya kupima mlango wetu alikuwa akiijaribu kwanza kwenye tundu la umeme linalojulikana lina umeme, ili ajue mita yenyewe haijafa. Nikamshukuru Mungu. Ilidumu mpaka kidonda kikapona. Siku nilipomwona anafuta mkono kwenye pindo la shati tena, nilikwenda moja kwa moja kwa mhandisi wa kampuni. Nilisema yote, msumari na sufuria.

Mhandisi alicheka. Alikuwa mtu mzuri, mpole, na kazi za Nyapara zilikuwa zikimalizika upesi kuliko za timu yoyote. "Mkono wa Hajji?" akasema, ndivyo alivyomwita Nyapara. "Mkono wa Hajji bora kuliko mita zangu zote. Yalla, rudi kazini, mafi mushkila, hakuna tatizo." Jioni ileile akamtania Nyapara mbele ya watu, kwamba kuna mtoto wake anaogopa mkono wake.

Nyapara hakunifokea. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Alinijia nikifunga buti za kazi akasema, "Umenishitaki kama mtoto wa chuoni." Kuanzia hapo akawa ananisalimia kama anavyomsalimia mtu wa dukani. Nilipopata kafili mwingine, familia ya Jeddah iliyotaka dereva, niliondoka, na hakuja kuniaga. Nilimwachia Otieno neno moja: usishike mlango kabla hujapima mwenyewe. Otieno akasema, "Wewe nawe, Mzee huyu ni legendi." Nikamtukana kidogo, tukakumbatiana, nikaenda.

Jeddah si Riyadh. Ukishuka tu kwenye gari miwani inalowa. Hewa ya bahari inakaa shingoni mchana kutwa. Familia niliyoajiriwa nayo inakaa mtaa wa Rawdah, na kazi yangu ni kumpeleka madam, watoto, na kufuata vitu vya nyumba. Asubuhi moja, si zamani, madam akanituma laban na krimu kwenye duka kubwa lililofunguliwa karibu. Niliingia nikaona boksi. Si moja, mbele ya ukuta mzima wa friji kulikuwa kumetandazwa maboksi, yameloa, yamekuwa uji. Milango yote ilikuwa inalia, huwezi kuona ndani ni maziwa au ni nini. Na friji hizo nilizijua, rangi na mikwaruzo. Duka moja la Riyadh lilifungwa, wakazipakia kwenye lori wakazileta huku, na visanduku vya kontroli vimebaki na mipangilio ya hewa kavu ya kule, joto limepunguzwa mpaka chini. Nyaya zimelala kwenye hewa ya Jeddah!

Mbele ya friji amesimama Nyapara. Kampuni ilimhamishia huku, sikuwa na habari. Amekonda, mabega yameshuka, mguu mmoja anauvuta.

"Karibu, mshitaki," akasema.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba." Akanipa mkono wa kushoto.

Kando yake alikuwa dada mmoja wa kupanga bidhaa, Mwende, Mkenya, kandambili zimeloa, anajifuta mikono kwenye aproni mara kwa mara. Alisikia Kiswahili changu akanigeukia kama mtu aliyepata ndugu. "Kaka, mwambie huyu mzee. Hii friji inanipiga shoti tangu jana. Nikishika mlango nikiwa nimekanyaga hapa kwa maji, inapiga mpaka kwa bega. Meneja anasema ni uoga."

"Na swichi ya usalama?" nikauliza. Ipo swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja, haiwezi kuacha mtu apigwe mpaka begani.

"Ilikuwa inakata kila saa, aiskrimu ikayeyuka. Wakaleta mtu akaunganisha umeme uipite pembeni, isikate."

Nyapara aliyasikia hayo. Nyapara yule wa zamani angebomoa duka. Huyu alisema tu, "Hiyo nitairudisha baadaye. Nimeshaongeza joto kwenye kontroli, kioo kitakauka. Kwanza tuone." Akafuta mkono kwenye pindo la shati. Bismillahi. Mgongo wa mkono chini, katikati, juu. Macho kayafumba. 

"Pita," akasema. "Ni baridi tu, mwanangu. Panga maziwa yako."

Mwende akanyoosha mkono, maskini, kwa sababu mzee kasema. Niliudaka hewani. Nilikuwa na makubadhi ya ngozi, nimesimama kwenye uji wa boksi, nikagusa fremu kwa mgongo wa vidole. Ilinitupa. Nilijiuma ulimi, mkono mzima mpaka kiwiko ukawa si wangu.

"Inapiga, Mzee! Wallahi inapiga!"

"Unanifanyia tena," akasema polepole. "Mbele ya watu. Umenifuata mpaka huku."

"Umevaa buti za soli nene, umeme haukupiti, na mkono wenyewe..."

"Buti?" akasema. "Ni buti?"

Akainama. Kabla sijaelewa anafanya nini alishavua moja, akavua ya pili, nyayo tupu kwenye maji, mguu mmoja umefungwa bendeji iliyogeuka rangi. Akakiweka kiganja chote juu ya fremu. Kiganja. Mtu aliyenisukuma kwenye makreti.

"Usimguse!" nikamwambia Mwende, maana alikuwa anaenda kumvuta, na ukimvuta mtu wa namna hiyo mnakwenda wawili. Nilikimbia. Bodi ya umeme iko nyuma karibu na stoo, nimezoea maduka, nilimpita meneja nikampiga kikumbo, nikageuka mara moja tu nitazame. Nyapara amesimama wima, uso umetulia, anatabasamu kidogo kwa ushindi. Na msuli wa mkono wake, kutoka kiwikoni mpaka kwenye vidole, unarukaruka wenyewe, vidole vinakunjika kidogo kidogo kuzunguka fremu, na yeye hajui. Anamwambia Mwende, "Unaona? Hakuna kitu."

Niliangusha swichi kubwa. Duka zima likazimika, watu wakaguna, mashine za friji zikanyamaza moja baada ya nyingine. Niliporudi msuli ulikuwa umetulia. Yeye alikuwa vilevile, kiganja juu ya fremu, anatabasamu.

"Nimezima, Mzee," nikamwambia.

Akanitazama. Akautazama mkono. Taa za juu zote giza, mwanga unatoka mlangoni tu.

"Umezima lini?" akauliza.

 Mwende alikuwa analia, mikono mdomoni. Nyapara akaukunjua mkono kidole kimoja kimoja kwa kutumia ule wa kushoto, akaketi kwenye kreti la maziwa, nyayo kwenye maji. Meneja alikuja anapayuka kwa Kiarabu, akamwona, akasimama. Nilipiga magoti nikaanza kumvalisha buti, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Nilikuwa na hasira naye mpaka machozi.

"Tangu lini, Mzee?" nikamuuliza. "Sema kweli. Tangu lini husikii?"

 Akaanza kutaja maduka. La Shumaisi, lile la karibu na hospitali. La pembeni ya kituo cha mafuta. Yale mawili ya ndugu Wayemeni. Alitaja na idadi ya milango, ingawa haikuhitajika, na nani alikuwa anauza pale, na yule mama wa pale anayekuja na mapacha wake kila asubuhi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Alipofika duka la shule ya wasichana nikatoa simu nikampigia Otieno.

Otieno alipokea anacheka, nyuma yake nasikia mlango wa friji unafunguliwa na kufungwa. "Dereva wa madam! Niko kazini, bro. Narudisha tu vioo hapa, hii friji Mzee alishapitisha kabla hajahama."

Nyapara alinyoosha mkono wa kushoto akaichukua simu.

"Otieno, mwanangu, ni mimi. Toa mkono hapo. Zima umeme, kalete mita, ijaribu kwanza kama ni nzima." Akautazama mkono wake wa kulia. "Milango niliyoigusa mimi, mpigie mhandisi aizime. Mwambie nimesema mimi mwenyewe."

Kule upande wa pili mlango haukusikika tena. Kisha sauti ya Otieno, ndogo, isiyo yake. "Ipi, Mzee?"

"Yote," akasema Nyapara, na akaendelea kumtajia maduka.